Homa ya Nini?

Sisi wapenzi wa ushairi twajua kwamba neno dogo laweza kubeba mzigo mkubwa. Tazameni a-unganifu katika majina ya maradhi. Homa ya matumbo yataja mahali. Homa ya manjano yataja rangi ya macho na ngozi ya mgonjwa. Homa ya ini yataja kiungo kilichovimba, na huenda mgonjwa mwenyewe asiwe na homa hata kidogo. "Ya" ni ileile. Uhusiano ni mbalimbali. Msikilizaji huutambua kwa mazoea. Kompyuta haina mazoea.

Ndiyo maana mifumo ya kuwakilisha maarifa ya tiba, mathalani SNOMED CT, hujengwa juu ya dhana, si juu ya majina. Kila dhana hupewa nambari yake, kisha huunganishwa na nyingine kwa uhusiano uliotajwa waziwazi: huu ni aina ya ule, huathiri kiungo hiki, husababishwa na kimelea kile. Majina, hata yakiwa mengi, hubandikwa juu ya dhana hiyo moja.

Kwa maoni yangu, kazi yetu ya kuunda istilahi imeegemea mno upande wa majina. Twasaka kisawe, tukikipata twashangilia, kumbe uhusiano haujaguswa. Ushahidi ni degedege. Hapa Kiswahili hakikupungukiwa na jina. Lakini kwa wazazi wengi wa pwani ya Tanzania, degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, uletwao na pepo mwenye umbo la ndege, usiohusiana na malaria. Aliyeamini hivyo alimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, na saa zilizopotea zilikuwa saa za malaria kali.

Kosa halikuwa la neno, kwa hiyo sioni sababu ya kulifuta na kuleta la kigeni. Tulitunze, ila tulionyeshe jamaa zake: degedege ni dalili, malaria ni mojawapo ya visababishi vyake, malaria nayo huletwa na vimelea vya Plasmodium.

Basi anayependekeza istilahi ya tiba na atujibu maswali matatu: ni aina ya nini, husababishwa na nini, hujitokeza wapi mwilini? Asipoyajibu, ametupa jina tu. Mama mwenye mtoto anayetetemeka ahitaji zaidi ya jina.