Ute wa mimba si uchafu

Mjamzito akilalamika kwamba analowa, iwe Makanyagio au kata nyingine yoyote ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, jibu huja na neno moja: uchafu. Anatokwa na uchafu. Neno hilo limezoeleka hata vinywani mwa wahudumu wa afya, na nadai kwamba linaumiza kuliko hayo majimaji yenyewe. Kitu kikishaitwa uchafu, kinachofuata ni kukisafisha: sabuni, maji ya chumvi, shabu, kidole kilichoviringishiwa kitambaa. Nani atauliza kwanza kama kuna cha kusafishwa?

Mara nyingi hakuna. Mimba ikishaingia, homoni ya estrojeni hupanda na damu huongezeka kwenye nyonga, kwa hiyo mlango wa kizazi na kuta za uke hutoa ute mwingi kuliko zamani: mweupe au usio na rangi, mwepesi, usionuka, na unaozidi kadiri miezi inavyosogea. Ndani yake wamo bakteria wanaotengeneza asidi, na uchachu huo, wa pH kati ya 3.8 na 4.5 hivi, ndio bawabu anayewazuia vijidudu waharibifu. Sabuni humfukuza bawabu. Mwaka 2011 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, zenye wanawake zaidi ya 14,000: waliojiosha ndani kwa sabuni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa bakteria wa ukeni kuvurugika, na hata wa kuambukizwa VVU. Nje, maji yanatosha. Ndani hapahitaji mwoshaji.

Wapo watakaosema ninawalaza usingizi wanawake wenye maradhi. Hoja hii ina uzito, kwa sababu fangasi huwapata sana wajawazito, na maambukizi mengine yanahusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Lakini anayeita kila ute uchafu ndiye anayeshindwa kuyatambua maradhi. Fangasi huleta ute mzito kama maziwa yaliyoganda, pamoja na muwasho. Bakteria wakivurugika, ute huwa wa kijivu na hutoa shombo ya samaki. Wa njano au kijani wenye povu ni habari nyingine, na damu ni ya kukimbilia hospitali. Kila hali ina tiba yake, na duka la dawa si mahali pa kuikisia: fangasi ya mjamzito hutibiwa kwa vidonge vya kuweka ukeni, ilhali flukonazo ya kumeza, ambayo wengi huinunua kama pipi, haishauriwi, hasa miezi ya mwanzo.

Tena macho peke yake hayatoshi. Watafiti waliowachunguza wajawazito wa kliniki za Mwanza miaka ya 1990 walikuta kwamba dalili za ute hazikuwa kigezo kizuri cha kumtambua mwenye maambukizi ya mlango wa kizazi. Klamidia hukaa kimya kwa wanawake wengi, na kaswende hujulikana kwa kipimo cha damu, ndiyo maana kliniki hutakiwa kumpima kila mjamzito. Mume anayeona nguo ya mkewe imelowa akahukumu kwamba ameleta ugonjwa kutoka nje hana ushahidi wowote. Na yule anayeridhika kwa kuwa mkewe ni mkavu hana pia. Kama ana shaka ya kweli, waende wote wawili wakapimwe.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mafunzo ya bibi na shangazi, na kwamba binti lazima afundwe usafi. Afundwe, hakuna ubishi. Ila tukumbuke ni binti yupi. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16, Katavi iliongoza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Huyu anabeba mimba kabla hajaujua mwili wake vizuri, na somo la kwanza analopewa ni aibu. Amefundishwa kwamba chochote kitokacho huko ni cha kufutwa haraka na kufichwa. Chupa ikimpasukia mwezi wa saba, maji mepesi yakaanza kumchuruzika bila uchungu, hatajua kwamba hayo si ute bali ni maji ya mtoto, na kwamba kila saa inayopita inafungua njia ya maambukizi. Atabadilisha kanga na kuendelea kuchota maji.