Tusizitupe Picha Zilizokataliwa
Msanii hasomwi kwa picha moja aliyoichagua. Filamu ya milimita 35 hubeba picha 36. Zikisafishwa zote kwenye karatasi moja, huonekana alivyosogea, alivyosita, na ile aliyoizungushia duara. Kazi nyingi za Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa akipiga picha vita vya Biafra mwaka 1968, zilikutwa miongo kadhaa baadaye katika gereji jijini Nairobi. Zingalitupwa, tungalibaki na zile tu walizozipenda wahariri. Nasi huku Chawia picha ya arusi hutundikwa ukutani, filamu yake ikaliwa na unyevu wa mlimani. Wahakiki wa Kiswahili je? Twaishika diwani iliyochapwa, basi. Miswada yenye mikato ya wino, mshairi akihangaikia kina, chama chetu kianze kuikusanya muhula huu, hata ikijaza kasha moja tu.