Tuache Damu, Tukague Magunia

Mei 2023 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilibadilisha kanuni zake za kichaa cha ng'ombe. Liliachana na mtindo wa nchi kukusanya pointi kwa wingi wa ng'ombe waliopimwa, likazitaka zioneshe zinavyodhibiti chakula cha mifugo na kufuatilia ng'ombe wenye dalili. Wapo waliosema kanuni zimelegezwa, na dawa ni kipimo cha damu: ng'ombe achomwe sindano mnadani Pugu, jibu litoke ndipo aende machinjioni Vingunguti. Hapa Mnazi Mmoja, ambako supu ya kichwa huwahiwa asubuhi, wazo hilo linaweza kupata wapenzi haraka. Kwangu ni upotevu wa fedha.

Wana sababu zao, nakubali. Mwaka 2018 watafiti waliripoti ugonjwa wa prioni, yaani protini potovu zinazoleta pia kichaa cha ng'ombe, kwa ngamia wa Algeria. Kipimo kinachotegemewa leo huhitaji ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa. Haya.

Damu yenyewe, hata hivyo, haitoi ushirikiano. Kondoo mwenye skrepi, ugonjwa wa jamii hiyohiyo, hubeba maambukizi damuni. Lakini ng'ombe mgonjwa, prioni zake hukaa zaidi ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Kiashiria kingine, protini ya neva inayovuja hadi damuni, hupanda ubongo ukiumia kwa sababu yoyote ile.

Lakini tuwape wanachotaka. Tuseme kipimo kipo, na katika ng'ombe wazima 100 humsingizia mmoja tu. Tanzania haijawahi kuripoti hata ng'ombe mmoja mwenye ugonjwa huu. Pima 1,000, kumi watatajwa wagonjwa, na yaelekea wote kumi ni wazima. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kwa kosa hilohilo, wanaosingiziwa wanapita 300,000. Mfugaji aliyeleta ng'ombe wake kutoka Shinyanga ataambiwa nini? Asubiri uthibitisho? Uthibitisho ni kumchinja na kupima ubongo, jambo lilelile tulilonunua sindano ili tulikwepe! Na kabla maabara ya mifugo ya Temeke haijajibu, habari itakuwa imeshafika Kariakoo. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka, watu waliikimbia nyama ya ng'ombe, na ule ulikuwa ugonjwa wa kweli. Sasa tunaombwa tulipie hofu ya ugonjwa ambao hatujauona.

Uingereza ilipata ng'ombe wagonjwa zaidi ya 180,000. Julai 1988 ilipiga marufuku kuwalisha ng'ombe mabaki ya wanyama wanaocheua, njia iliyoeneza ugonjwa. Kwa kuwa ugonjwa hujificha miaka minne au mitano, wagonjwa walizidi kuongezeka hadi 1992, kisha wakaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kipimo cha damu hakikuwepo.

Sisi sheria tunayo, ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, ya 2010. Unga wa mifupa na damu iliyokaushwa huchanganywa kwenye chakula cha kuku. Pembezoni mwa jiji, kuku na ng'ombe wa maziwa hufugwa ua mmoja. Nani anahakikisha gunia la kuku haliishii kwenye hori la ng'ombe?

Darubini ya maabara huona vipande vya mfupa ndani ya pumba. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ianze na magunia yanayouzwa Dar es Salaam.