Besi yako, ndege yao: nani hulipa shingo ikivunjika?

Mwisho wa mwaka ukikaribia, Pwani hujaa watu wenye mabegi marefu mgongoni. Kilifi kuna Beneath the Baobabs, lile tamasha tulilozoea kuliita Kilifi New Year. Malindi na Watamu, mahoteli yanasaka bendi. Wapigaji wanashuka kutoka Nairobi, na wa huku wanapanda Nairobi kutafuta shoo na studio. Wengi siku hizi wanaruka, maana saa moja hewani ni afadhali kuliko usiku mzima ndani ya basi.

Shida huanzia kaunta. Mhudumu anaangalia begi lako, anaangalia mizani, halafu: "Hiyo itaingia chini." Unauliza kama ataweka stika ya vitu vinavyovunjika. Anaweka. Ukisoma stub yake vizuri unakuta mara nyingi kuna maneno madogo kwamba umekubali mzigo usafiri kwa hatari yako mwenyewe. Ukitia sahihi, umeshapunguza nguvu yako kabla ndege haijawasha injini.

Hili si jambo dogo. Kwa kijana wa Malindi anayepiga besi, hilo gita ndilo duka lake. Them Mushrooms walianza hivyo hivyo miaka ya 1970, wakipiga katika mahoteli ya Pwani, kabla Jambo Bwana haujaifanya dunia nzima isalimiane kwa Kiswahili. Ala ikivunjika Ijumaa, Jumamosi huna shoo na Jumapili huna kodi ya nyumba.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Gita la besi la kawaida lina urefu wa takriban sentimita 115 hadi 120, na likiwa ndani ya sanduku linapita hapo. Mzigo wa mkononi unaokubalika na mashirika mengi hauzidi kama sentimita 56 kwa urefu, na uzito ni kilo chache tu. Yaani besi ni mara mbili ya kinachoruhusiwa. Ndege zinazotua Malindi nazo si zile kubwa za Ulaya, kwa sababu njia yetu ya kurukia ni fupi. Unapanda ndege ya mapanga, mathalan Dash 8, na kabati zake za juu ya viti ni ndogo. Hata mhudumu akikuonea huruma, huenda kweli hakuna nafasi.

Ukiwa unaelekea Lamu au mbugani kwa vile vindege vya injini moja, mambo ni magumu zaidi: kilo 15 na begi laini, basi. Sanduku gumu halitakiwi kwa sababu haliingii kwenye pango la mizigo. Ndiyo kusema kile kinacholinda gita ndicho kinachokataliwa.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo watu wengi huachwa.

Mwaka 2008 mwanamuziki wa Canada, Dave Carroll, alikuwa akisafiri na United Airlines kupitia Chicago. Gita lake la Taylor lenye thamani ya dola 3,500 likavunjika mikononi mwa wapakia mizigo. Alidai fidia kwa miezi mingi, akaambiwa hapana. Julai 2009 akatoa wimbo kwenye YouTube, United Breaks Guitars, ukatazamwa na mamilioni. Ghafla kampuni ikawa tayari kuongea.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa mitandao. Mimi nakiona tofauti. Mtu mmoja mwenye kipaji cha kuchekesha alisikika. Wengine elfu waliovunjiwa gita hawakuwa na wimbo mtamu. Kilichosaidia watu wote kilikuja baadaye: Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika 2015. Zinasema shirika la ndege la Marekani lazima likubali ala ndogo ndani ya ndege kama kuna nafasi wakati abiria anapanda, na bila kumtoza ada ya ziada kwa sababu tu ni ala. Ukiwahi nafasi, ni yako. Ukitaka kuinunulia ala kubwa kiti chake, pia kuna utaratibu.

Kanuni hizo ni za mashirika ya kule. Huku kwetu jibu hutegemea shirika, tiketi, na hali ya mhudumu siku hiyo. Leo unaingia nalo, kesho kwa ndege ileile unakatazwa.

Ila kuna kitu kimoja kinachokulinda ukivuka mpaka, nacho ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kenya ni mwanachama. Chini yake, shirika linawajibika kwa mzigo uliokabidhiwa ukiharibika likiwa limeushika, isipokuwa kama uharibifu umetokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Hapo ndipo watakuuliza: ulikuwa kwenye sanduku gani? Ukikabidhi besi ndani ya begi la kitambaa, umewapa utetezi wa bure.

Fidia ina kikomo. Tangu Desemba 28, 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha maalum za IMF kwa kila abiria, ambavyo kwa shilingi ni zaidi ya Sh250,000. Kiasi hicho ni kwa mizigo yako yote, si gita peke yake. Kama ala yako ni ghali zaidi, mkataba unakuruhusu kutangaza thamani yake kaunta kabla ya kuruka na kulipa ada kidogo, na kikomo kinapanda hadi thamani uliyotangaza. Wapigaji wachache sana wanalijua hilo.

Halafu kuna saa inayohesabu. Mzigo ukiharibika, malalamiko lazima yawe ya maandishi na yafike ndani ya siku 7 tangu uupokee. Ukicheleweshwa ni siku 21. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2. Ukilia kwa simu tu, au ukaweka picha kwenye status halafu ukangoja, siku ya nane umepoteza.

Sasa angalia pengo lilipo. Mkataba huo ni wa safari za kimataifa. Mpiga besi wa Malindi anayekwenda Frankfurt kwa tiketi moja kupitia Nairobi analindwa kuanzia Malindi, kwa sababu safari nzima inahesabiwa kuwa moja. Lakini mwenzake aliyekaa kiti cha pembeni, anayeishia Nairobi kupiga shoo ya Ijumaa, yuko nje ya mkataba. Ndege ni ileile na pango la mizigo ni lilelile. Yeye amebaki na masharti ya tiketi, yale maandishi madogo ambayo shirika limejiandikia lenyewe, na sheria za nyumbani ambazo hakuna aliyewahi kumfafanulia.

Na wengi wetu ndio huyo wa pili. Ndiyo maana ukinunua tiketi mbili tofauti, moja ya Malindi–Nairobi na nyingine ya kwenda ng'ambo, kwa kukimbiza bei, ujue unaweza kuwa umejitoa kwenye ulinzi kwa kipande cha kwanza. Bei nafuu ina gharama yake.

Kwa hiyo ufanyeje? Haya ndiyo yanayosaidia kweli.

Moja, elewa besi huvunjikia wapi. Mara nyingi si mwilini, ni shingoni karibu na vifunguo vya kukazia nyuzi. Sanduku likianguka, kichwa kinarushwa kama mjeledi. Kwa hivyo jaza nguo chini ya shingo na pande zote za kichwa mpaka kisitikisike. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote.

Mbili, kama shingo yako imefungwa kwa skrubu, ambayo ndiyo mtindo wa Fender tangu Precision Bass ya mwaka 1951, unaweza kuifungua. Skrubu nne tu. Shingo na mwili vinaweza kuingia kwenye sanduku kubwa la nguo, na hakuna anayekuuliza kitu. Bisibisi iweke kwenye mzigo wa chini, usije ukanyang'anywa kwenye ukaguzi. Jifunze nyumbani kwanza, si nyuma ya jukwaa dakika kumi kabla ya shoo.

Tatu, betri za ziada za lithiamu hazikai chini, zinakaa nawe ndani ya ndege.

Nne, piga picha mbele ya kaunta: sanduku wazi, namba ya gita, kisha sanduku limefungwa. Tunza risiti. Ukifika, fungua palepale kabla ya kutoka uwanjani, na ukiona ufa dai fomu ya uharibifu.

Tano, wanaobeba ala za asili wachunge zaidi. Ngoma ya ngozi au kayamba yenye mbegu ndani inaweza kuzuiwa na wakaguzi wa mimea na wanyama, Australia hasa. Ala yenye pembe ya ndovu usiisogeze mpakani bila vibali. Na usidhani ukubwa wa jina unasaidia: Februari 2020 Ballaké Sissoko wa Mali, bingwa wa kora duniani, alifika Paris kutoka New York akakuta kora yake imevunjwavunjwa vipande. Idara ya usalama ya Marekani ilisema si wao walioifungua. Hadi hapo, mwenye kora ndiye aliyebaki na vipande.

Sita, kwa safari ya Nairobi pima pia treni. SGR kutoka Miritini unakaa na gita lako ukiliona. Ndiyo, Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120 za matatu kwanza, lakini hakuna anayelirusha.

Hayo yote ni kujikinga, na kujikinga si haki. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, ina jukumu la kulinda abiria. Kinachokosekana ni kanuni fupi, hata ya ukurasa mmoja: ala inaingia ndani kama nafasi ipo, ada zinatangazwa wazi, na safari za ndani zina kikomo cha fidia na siku za kudai zinazojulikana. Marekani iliweza, na mashirika yake hayakufilisika kwa sababu ya magita.

Kila kampeni tunaambiwa na wanasiasa kwamba uwanja wa Malindi utapanuliwa ili watalii wamiminike. Sawa, tunautaka. Lakini watalii hao jioni wakikaa wanataka muziki, na muziki hauji wenyewe. Unakuja na mtu mwenye begi refu, aliyesimama kaunta akiomba lisirushwe. Kabla ya kumwongezea mita za lami, mpeni huyo sheria moja anayoweza kuionyesha kwenye simu yake.