Sehemu ya 3: Oman ipi mnayoisifia?

Mama zangu, kila nikiandika habari za kliniki naambiwa, "Nesi, Oman ndiko kwenye maisha, Kibiti tunakaa tu." Sibishi. Mjamzito wa Kiongoroni uchungu ukimshika anasubiri maji yajae ndipo boti itoke. Na raia wa Oman anatibiwa bure hospitali za serikali, kweli kabisa.

Ila binti yako haendi kuwa raia! Anaenda kuwa dada wa kazi, na sheria ya kazi ya Oman ya 2023 wafanyakazi wa ndani imewaacha nje. Human Rights Watch mwaka 2017 walitoa ripoti baada ya kuwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi hizo Oman na Emirati. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti, na wapo waliofanyishwa kazi mpaka saa 21 kwa siku. Saa 21! Hata sisi wa zamu ya usiku tunalala.

Mnalinganisha sebule ya tajiri wa Maskati na jiko lenu. Linganisheni jiko na jiko. Na yule mchanga anayeachwa kwa bibi Nyamisati, atanyonya nini?

Dalali akija, muulizeni pasipoti atakaa nayo nani. Kesho: usafiri wa wajawazito wa deltani.