Maembe yaoza Tana River, watoto wanywa rangi na sukari

Msafiri apitaye barabara ya kutoka Garsen kwenda Hola na Bura wakati wa msimu wa maembe hawezi kukosa kuuona mgongano ambao, kwangu mimi, ni wa aibu. Chini ya miembe iliyopandwa kandokando ya mto Tana, matunda yamezagaa yakiwa yamepasuka, nzi wakiyashambulia na mbuzi wakiyachagua. Hatua chache kutoka hapo, katika duka la kijijini, mtoto anyoosha mkono na shilingi zake ili apewe pakiti ya unga wa kukoroga. Juu ya pakiti hiyo pamechapwa picha ya embe. Ndani yake mna sukari, rangi na harufu ya kubuniwa kiwandani. Embe lenyewe, lile la kweli, limeachwa mchangani.

Naandika haya nikiwalenga hasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa nimechoka kusikia kwamba ukamuaji wa maji ya matunda nyumbani ni mambo ya jikoni yasiyostahili kujadiliwa katika safu kama hii. Ni jambo la pesa, ni jambo la afya, na zaidi ya yote ni jambo la elimu. Jamii inayonunua picha ya tunda huku ikilitupa tunda lenyewe imefundishwa vibaya mahali fulani, na sidhani tunaweza kuwalaumu watoto.

Wala tusiseme kwamba vinywaji hivi ni ustaarabu mpya ambao wazee wetu hawakuujua. Neno sharubati limo katika Kiswahili tangu kale. Lilitujia kutokana na Kiarabu, katika ukoo uleule wa maneno uliowapatia Waingereza majina ya shira na vinywaji vyao vitamu. Mwambao mzima, kutoka Lamu hadi Unguja, hujua kuroweka ukwaju, kukamua ndimu na kuponda embe bivu. Hapa kwetu, katika nyumba za Wapokomo, Waorma, Wamunyoyaya na Wasomali, ukwaju hauadimiki mezani jua linapotua katika mwezi wa Ramadhani. Ajabu ni kwamba mwezi ukiandama, maarifa hayo hufungiwa kabatini pamoja na vyombo vya futari, nasi twarudi kwenye chupa na pakiti.

Yapo yanayotufanya tuyangoje mambo makubwa na kuyadharau madogo. Bura ni mji uliozaliwa na matumaini makubwa. Mradi wa unyunyizaji maji mashambani ulipowapokea walowezi wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakitoka katika pembe nyingi za Kenya, zao lililotegemewa lilikuwa pamba. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli, pampu zikaharibika mara kwa mara, na ilipokaribia miaka ya 1990 mashamba mengi yalikuwa yamekauka. Mradi ulifufuliwa baadaye, na leo mahindi, mpunga na matikiti maji huonekana tena. Hata hivyo mazoea ya kungoja mashine na mfadhili hayajatutoka. Kila msimu wa kampeni nasikia ahadi ya kiwanda cha maembe. Siupingi mpango wowote wa kiwanda. Naomba tu tusikae na kiu hadi siku kitakapofunguliwa.

Soko la ng'ambo nalo si la kutegemewa na mkulima mdogo. Mwaka 2003 aligunduliwa hapa Kenya inzi wa matunda kutoka Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya embe na kuliozesha kutoka ndani. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mdudu huyo, na biashara hiyo haikuanza tena hadi 2021. Mwanafunzi anayesoma sayansi afaa kujua kwamba embe lenye mabuu likitupwa chini ya mti huwa kitalu cha inzi wa msimu ujao. Sharti lifukiwe shimoni, kina cha kutosha, au lifungwe ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani. Kwa hiyo kulila na kulikamua embe zima mapema, kabla halijafikia hali hiyo, ni sehemu ya kulilinda shamba.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe, maana hapa ndipo penye hatari ambayo waandishi wengi wa mapishi huiruka. Hatari hiyo ni maji. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kipindupindu kiliripotiwa katika Kaunti ya Tana River. Mtu akichukua maji ya mtoni au ya mfereji, akayachanganya na embe safi, amemtengenezea mwanawe sumu yenye ladha nzuri. Wapo wanaodai kwamba uchachu wa ndimu au ukwaju huua kila kijidudu. Dai hilo si la kuaminiwa pale uhai wa mtoto unapohusika. Maji yachemshwe hadi yatokote, yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.

Tukitafakari vizuri tutaona kwamba njia za wahenga zilikuwa na hekima katika jambo hili. Ukwaju huchemshwa, au humwagiwa maji ya moto, ndipo ukavurugwa kwa mkono na kuchujwa; moto umekwisha kufanya kazi yake. Tikiti maji halihitaji tone la maji ya nje, kwani sehemu yake kubwa ni maji yaliyochujwa na mmea wenyewe. Lioshwe ganda kwa maji safi kabla ya kukatwa, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa nje hadi ndani, kisha nyama yake ipondwe na kuchujwa. Embe bivu nalo laweza kupondwa bila maji, likawa zito kama uji, na kila mnywaji akaongeza maji yaliyochemshwa kadiri apendavyo.

Husemwa pia kwamba kazi hii haiwezekani bila blenda na jokofu. Mimi sikubali. Kinu na mchi vimo karibu katika kila ua. Kifumbu kinachochujia tui la nazi huchuja pia embe na ukwaju, mradi kioshwe na kuanikwa juani. Sufuria ya alumini isitumiwe kuwekea ukwaju au ndimu kwa muda mrefu, kwa kuwa asidi huila madini hiyo na kuharibu ladha. Tumia chombo cha udongo, cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Kuhusu baridi, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini penye upepo hutosha kuyapoza maji ya kuchanganyia. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Mwalimu wa fizikia hahitaji kifaa kingine cha kufundishia somo hilo. Lakini mtungi haufanyi kazi ya jokofu. Katika joto la Bura, sharubati inyweke saa ileile inapotengenezwa. Ikilala, huanza kuchacha.

Kuna jambo ambalo mashabiki wa sharubati hawapendi kulisema, nami nitalisema. Sukari ya tunda ikishakamuliwa haina tofauti kubwa na sukari nyingine mwilini. Bilauri ya mililita 250 ya maji matupu ya embe yaweza kuwa na gramu zipatazo 30 za sukari, karibu sawa na chupa ndogo ya soda ya mililita 300. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliiweka sukari iliyomo katika maji ya matunda kwenye kundi moja na ile inayotiwa kijikoni, na likashauri kwamba kundi hilo lisizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kutokana na chakula. Hivyo basi anayekamua maembe kisha akamimina vijiko vinne vya sukari hajajitenga na pakiti ya dukani. Asitie sukari kabisa, achanganye maji nusu kwa nusu, na asiyatupe makapi laini, maana ndimo ulimo ufumwele. Faida iliyobaki ni kubwa: vitamini C, inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mchicha, na karotini ya embe ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya upofu wa usiku. Vitu hivi havimo katika rangi ya pakiti, isipokuwa pale kiwanda kinapovitia chenyewe.

Na kama kuna watu wasiohitaji kuelezwa madhara ya utamu wa kila siku, ni sisi tunaoishi na mathenge. Mti huo uliletwa miaka ya 1980 ili uwe kuni na kinga ya mchanga, ukatutawala. Maganda yake ni matamu, na mbuzi huyapenda kupita kiasi. Katika kesi ambayo wakazi wa Baringo waliifungua dhidi ya serikali mwaka 2006, mbuzi aliyepoteza meno alifikishwa mahakamani Nairobi kuwa ushahidi. Wengi walicheka. Lakini watazame wanafunzi wa darasa la tatu wanapofungua vinywa, ndipo wacheke tena.

Kuhusu mboga sina mengi. Mtindo wa mijini wa kukamua karoti na viazisukari haututoshei, kwa kuwa karoti hutujia kwa lori kutoka nyanda za juu na bei yake ni ya kusafiri. Boga letu lina karotini ileile, nayo huufaidi mwili zaidi likipikwa na mafuta kidogo kuliko likikamuliwa bichi. Tango laweza kuchanganywa na tikiti maji na ndimu, likaburudisha vyema. Mchicha na majani ya kunde yabaki chunguni.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulileta kilimo na sayansi kimu katika shule za msingi, kisha masomo hayo ya mikono yakapunguzwa hatua kwa hatua kwa hoja kwamba yalikuwa yakiwaelemea wazazi kwa gharama. Mtaala wa umilisi umeyarudisha, na tayari nasikia malalamiko yaleyale: mzazi ameagizwa kununua hiki na kile kwa ajili ya zoezi ambalo halina uhusiano na maisha ya nyumbani. Embe halina gharama Tana River. Mwanafunzi aweza kulipima kwa mizani, kukadiria maji yaliyotoka, kuhesabu ni maembe mangapi yanahitajika kwa bilauri moja, na kuilinganisha gharama hiyo na bei ya soda ya dukani. Aweza kulikata embe vipande viwili, kimoja akakipaka ndimu na kingine akakiacha, akaandika ni kipi kilichobadilika rangi kwanza na kwa nini. Hiyo ni hesabu, kemia na biashara, bila mzazi kudaiwa senti.

Tatizo moja tu la ratiba lipo, na walimu ndio wawezao kulitatua. Msimu mkubwa wa maembe huangukia likizo ya Novemba na Desemba, madarasa yakiwa yamefungwa, na ni mabaki yake tu yanayokutwa muhula wa kwanza. Zoezi hili basi litolewe kabla shule hazijafungwa Oktoba, pamoja na onyo la kuchemsha maji, ili Januari kila mtoto aje na daftari lenye vipimo alivyovichukua nyumbani.