Mtoto wa Garissa Naye Aruke

Kuna mwandishi aliyedai kwamba kuonyesha filamu ya "Supa Modo" ni kuwalisha watoto wa Garissa ndoto za mchana, na kwamba "Watu Wote" inawatosha. Sikubali hata kidogo.

"Watu Wote" (2017) ni filamu nzuri: Waislamu wanawakinga abiria Wakristo ndani ya basi dhidi ya washambuliaji wenye bunduki, kama ilivyotokea Mandera Desemba 2015. Lakini mtoto wa Kaskazini Mashariki aonekane kwenye skrini bunduki inapomwelekea tu?

Katika "Supa Modo", filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, Jo, msichana mgonjwa wa miaka tisa anayempenda Jackie Chan, anarudishwa nyumbani kutoka hospitalini kusubiri kifo. Mama anamfungia ndani; dada yake anamtoa. Kisha kijiji kizima kinashika kamera na mavazi ya kushonashona, na Jo anakuwa shujaa. Hakuna anayeahidi kumponya. Hizo ni ndoto za mchana gani? (Wazee wetu wa hadithi za fisi na sungura nao tuwashtaki?)

Katika kambi ya Dadaab, shirika la FilmAid limewaonyesha wakimbizi filamu kwa miaka mingi, na kambi haijarukwa na akili. Walimu wa Garissa, ionyesheni "Supa Modo", kisha waulizeni watoto wenyewe.